Kabla ya Rangi, Fungua Kabati la Makaratasi

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa embe za Marikiti na leso za Biashara Street, sina ubishi. Kwa nyumba za Mji wa Kale, msemo huo siuamini. Nimeziona nyumba nzuri kwelikweli, zenye milango ya nakshi na roshani za mbao, zikitembezwa na madalali mpaka wenyewe wakachoka kupokea simu. Na nimekiona kijumba cha Bondeni, ngazi zimepinda na dari limeshika moshi, kikapata mnunuzi kabla mwezi haujaandama. Mwenye kijumba hicho hakubahatika kumpata mnunuzi mjinga. Alikuwa na bahasha iliyokamilika.

Mimi ni karani. Nimetumikia ofisi za mawakili katika kisiwa hiki tangu zama za taipu. Kazi yangu ni kuchapa mikataba, kupanga foleni katika ofisi ya ardhi, kubembeleza faili litoke lilikojificha, na kuwasikiliza ndugu wa tumbo moja wakigombania nyumba ya baba yao huku wakinywa chai yangu. Kutokana na niliyoyaona, nina neno moja kwa kila anayetaka kuuza nyumba upesi Mombasa: anza na makaratasi, uje kwa warithi, kisha bei, na rangi iwe ya mwisho. Wengi wetu twafanya kinyume. Twapaka rangi, twataja bei, twamwita dalali, na siku mnunuzi amekuja na fedha ndipo twaulizana hatimiliki iko kwa nani.

Tuanze na hiyo hatimiliki. Ardhi nyingi ya kisiwani iliingia kwenye daftari chini ya sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, Waingereza walipowataka watu wa pwani walete madai yao au wayapoteze. Walioleta wakathibitishiwa, wakapewa vyeti. Vyeti vya namna hiyo bado vimo ndani ya makabati yetu: karatasi nene iliyogeuka rangi ya chai, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imetoboka, imetiwa katika mfuko wa nailoni pamoja na picha ya harusi na risiti za maji. Jina la babu limeandikwa kwa tahajia ya karani wa kikoloni. Kwenye cheti, babu ni Mohamed bin Ali. Kwenye kitambulisho chake, ni Muhammad Aly. Kwenye cheti cha kifo limeongezwa jina la ukoo ambalo halimo kwingine kote. Kule mtaani huyo ni mzee mmoja aliyejulikana na kila mtu. Kwa msajili wa ardhi hao ni watu watatu wasiojuana, na hakuna mauzo mpaka viapo viletwe kuthibitisha kwamba ni mtu yule yule.

Jambo hilo hutengenezeka, lakini halitengenezeki kwa siku moja. Na cheti kikiwa kimepotea ni zaidi, kwa sababu msajili hutangaza kwanza katika Gazeti Rasmi la serikali na kungoja siku 60 kabla ya kutoa kingine. Mnunuzi mwenye fedha zake taslimu hatangoja. Atavuka daraja aende Nyali.

Kwa hivyo muuzaji mwenyewe, kabla hajamwambia mtu kwamba nyumba yauzwa, na afanye upekuzi wa daftari kama ule atakaoufanya mnunuzi. Nimewaona watu wakishtuka mezani kwangu kujua kwamba hati ya nyumba yao bado ina mzigo wa mkopo wa benki uliolipwa zamani, ila hakuna aliyekwenda kuuondoa. Wengine wamekuta zuio lililowekwa na binamu aliyewahi kugombana na marehemu. Mambo hayo ukiyajua mapema ni usumbufu tu. Mnunuzi akiyagundua kabla yako, yageuka kuwa shaka, na hakuna punguzo la bei linaloiponya shaka ya mnunuzi.

Kisha kuna kodi ya ardhi ya kaunti. Bila cheti cha kutodaiwa, nyumba haihamishwi. Nyumba ambayo wenyewe wamehamia Kisauni au Muscat huwa imelimbikiza deni na riba juu ya deni. Kaunti imewahi kutangaza msamaha wa riba, na mwenye akili huenda wakati huo. Ikiwa ardhi ni ya kukodi kutoka serikalini, si ya umiliki kamili, kuna na kodi ya serikali kuu na cheti chake. Kuna na ridhaa ya mke au mume, ambayo wakili wa mnunuzi ataitaka kwa maandishi hata kama wewe waiona ni jambo la chumbani.

Nayaorodhesha haya kwa sababu neno upesi lina kipimo chake. Mikataba mingi ya nyumba nchini huandikwa kwa siku 90: mnunuzi atoa arubuni, kwa desturi asilimia 10, halafu pande zote mbili hukimbizana na vyeti mpaka siku ya kukamilisha. Aliyejitayarisha aweza kumaliza ndani ya muda huo. Asiyejitayarisha huanza kuhesabu siku 90 wakati vyeti vyake vyahitaji mwaka.

Sasa tuje kwa warithi, maana nyumba nyingi za Mji wa Kale hazina mwenye mmoja. Sisi Waislamu mirathi yetu yafuata sheria ya dini, na Mahakama ya Kadhi ndiyo huamua nani mrithi na fungu lake ni lipi. Lakini kujua mafungu ni jambo moja, na kuwa na idhini ya kuuza ni jambo jingine. Bila hati ya usimamizi iliyothibitishwa na mahakama, kaka mkubwa ni kaka mkubwa tu. Hana mamlaka ya kuuza hata dirisha.

Chukua mfano. Baba amefariki, ameacha mjane, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Mjane ana thumuni. Thumuni saba zilizobaki zagawanywa, mwanamume apate mara mbili ya mwanamke. Hesabu yenyewe yatoka sawasawa: mjane fungu moja, kila binti fungu moja, kila mwana mafungu mawili, jumla manane. Tuseme nyumba wameiwekea shilingi milioni nane. Mama milioni moja, kila binti milioni moja, kila kijana milioni mbili.

Akaja mnunuzi na milioni saba na laki sita, fedha zipo benki. Hapo ndipo chai yangu huanza kupoa. Kijana aliye ughaibuni apiga simu kwamba nyumba ya baba haitupwi. Lakini tuipige hesabu. Laki nne zilizopungua, ukizigawa kwa mafungu manane, ni shilingi elfu hamsini kwa fungu. Binti aliyeko Majengo, anayelipa kodi ya vyumba viwili na karo ya watoto, ndiye angepaswa kuchagua kati ya laki tisa na nusu mwezi huu na milioni moja siku isiyojulikana. Hakuna aliyemuuliza yeye. Aliyeamua ni mwenye mafungu mawili na mshahara wa huko aliko.

Na siku isiyojulikana ina gharama yake. Sheria ya kodi ya mapato husamehe kodi ya faida ya mtaji pale mali ya marehemu inapouzwa au kuhamishwa katika kusimamia mirathi, iwapo shughuli imekamilika ndani ya miaka miwili tangu kifo, au katika muda ambao kamishna ameuongeza kwa maandishi. Kukiwa na kesi, miaka hiyo huhesabiwa tangu kesi imalizike. Kodi yenyewe ilikuwa asilimia 5 ya faida. Tangu Januari 2023 ni asilimia 15. Familia inayokaa miaka minne ikibishania elfu hamsini kwa fungu yaweza kuukuta mlango huo wa msamaha umefungwa. Mwenye nyumba aliyeishi ndani yake miaka mitatu mfululizo kabla ya kuuza ana msamaha wake pia, na aliyefanya matengenezo na atunze risiti, kwani faida huhesabiwa baada ya kutoa gharama. Mali bila daftari hupotea bila habari, na risiti ya fundi ni daftari.

Nasema wazi: kikao cha warithi kifanywe kabla ya nyumba kutangazwa, kila mmoja asikizwe, mama na mabinti kwanza, na bei ya chini kabisa iandikwe na kutiwa sahihi. Aliye ng'ambo atume hati ya uwakilishi iliyoshuhudiwa huko na kusajiliwa hapa, si ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Na kabla ya yote ulizeni kama nyumba si wakfu. Babu zetu waliweka wakfu nyumba nyingi, nyingine kwa misikiti, nyingine kwa vizazi vyao wenyewe. Nyumba ya wakfu haiuzwi kwa sababu wajukuu wamehitaji fedha. Daftari za Makamishna wa Wakfu zipo mjini humu humu. Kwenda kuuliza ni nusu siku.

Kuna na wapangaji. Nyumba za Ndia Kuu na Kibokoni mara nyingi zina duka chini na familia juu. Mpangaji wa duka asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano, analindwa na sheria ya Sura ya 301: ilani ya kumtoa haipungui miezi miwili, huandikwa kwa fomu maalumu, naye aweza kwenda kulalamika mbele ya baraza la kodi za majengo ya biashara. Ukimwahidi mnunuzi nyumba tupu huku fundi saa wa chini yuko pale tangu enzi za babake, umeahidi kitu usicho nacho. Mwambie mnunuzi ukweli, na umwonyeshe kodi ya duka ni kiasi gani. Wako wanunuzi wanaoitaka kodi hiyo.

Nje kidogo ya Mji wa Kale, kule Majengo na King'orani, kuna jambo jingine ambalo mgeni kutoka bara hulishangaa: nyumba bila ardhi. Mtu amejenga nyumba ya Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba sita kando, juu ya kiwanja cha mtu mwingine, na kila mwezi amlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Nyumba ni yake, ardhi si yake. Mali kama hiyo huuzwa, tena kila siku, lakini haina bei ya nyumba yenye hati. Anayeinunua ananunua kodi za vyumba na maelewano na mwenye ardhi. Ukitaka iende upesi, mfuate mwenye ardhi kwanza, apate kukubali kwa maandishi kumtambua mnunuzi mpya, na uwe na risiti za kodi ya kiwanja. Anayetangaza nyumba bila ardhi kwa bei ya nyumba na ardhi hupoteza muda wa watu, na jina lake huharibika mtaani.

Hapo ndipo tunafika kwenye bei, na hapo ndipo nina ugomvi na wenzangu. Sisi watu wa Mji wa Kale twapanga bei kwa kusikia. Twasikia barazani kwamba nyumba ya fulani yauzwa milioni kumi na mbili, nasi twaongeza moja kwa sababu yetu ina roshani. Hatuulizi kama hizo kumi na mbili zililipwa. Bei iliyotajwa juu ya kahawa si bei iliyotiwa sahihi. Mimi nachapa zile zinazotiwa sahihi, na siwezi kuzitaja kwa sababu ya amana ya kazi, ila naweza kusema zimekaa mbali na za barazani.

Wengine wamesikia habari za Shela, huko Lamu, ambako Wazungu wamenunua nyumba za mawe na kuzikarabati. Basi wanangoja Mzungu wao. Mombasa si Shela. Shela ni kijiji cha ufuo wa mchanga; hapa ni mji, tuktuk zapiga honi na mtu afika nyumbani kwa kupenya kichochoro. Isitoshe, Katiba ya 2010, kifungu cha 65, hairuhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa umiliki kamili. Haki yake ni ya kukodi isiyozidi miaka 99. Hilo lawahusu hata jamaa zetu waliochukua uraia wa Oman na kuacha wa Kenya. Ukimuuzia, hatapata ulichonacho wewe. Atapata miaka 99, na wakili wake atamwambia hivyo kabla hajatoa bei.

Kosa jingine ni kupima nyumba ya Mji wa Kale kwa futi za kiwanja, kana kwamba iko Tudor au Kizingo. Kule mnunuzi ananunua hewa iliyo juu ya kiwanja: atabomoa, atainua ghorofa. Hapa huwezi. Mji wa Kale umehifadhiwa kisheria tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya lazima iulizwe kabla ya kubomoa au kubadilisha uso wa jengo. Anayenunua hapa ananunua nyumba iliyopo, kuta zilizopo, na matengenezo yanayoingoja. Bei yako ni thamani ya nyumba ikiwa imesimama imara, ukitoa gharama ya kuifikisha hapo. Mwite mthamini aliyesajiliwa. Muulize mambo mawili: thamani ya soko, na kiasi ambacho mtu angelipa kama ungetaka kumaliza ndani ya miezi mitatu. Wathamini wanaozifanyia benki kazi huandika hesabu zote mbili. Ada yake itakuuma, lakini ripoti yake ndiyo itakayomnyamazisha kaka mwenye kelele.

Bei ukishaipata, itaje ile ile kwa kila mtu. Twapenda kuacha nafasi ya kupatana, na mimi sipingi. Mnunuzi wa pwani asipopunguziwa hujiona hakuheshimiwa. Lakini nafasi ya kupatana iwe ya heshima. Ukitaka nane, sema nane na nusu. Ukisema kumi na mbili, mtu mwenye nane hatakuja kukuuliza. Ataona haya. Hutajua kamwe kwamba alipita chini ya dirisha lako.

Na sasa madalali. Sina chuki nao, wengine ni jirani zangu na wanajua kila ufunguo wa Mji wa Kale uko mfukoni mwa nani. Chuki yangu ni kwa cha juu. Mwenyewe ataka nane. Dalali wa kwanza ampa mwenzake kwa tisa, mwenzake amtajia mnunuzi tisa na nusu, na dalali wa tatu, ambaye hajawahi kuingia ndani, apiga picha ya mlango na kuituma kwa kumi. Mnunuzi yule yule aisikia nyumba moja kwa bei tatu. Ataamini nini? Ataamini kwamba kuna ujanja, au kwamba mwenyewe ana dhiki na aweza kukamuliwa. Nchi hii ina sheria ya mawakala wa nyumba na bodi ya kuwasajili. Tafuta aliyesajiliwa, mpe kazi peke yake kwa muda maalumu, andikeni ujira wake, na andikeni kwamba hakuna cha juu. Anayekataa kuandika amekwisha kujieleza.

Baada ya hayo yote, ndiyo, chukua ndoo. Lakini hata hapo twakosea ndoo. Kuta za Mji wa Kale ni mawe ya matumbawe na chokaa, juu yake boriti za mikoko. Ukuta kama huo hunyonya unyevu na kuutoa. Ukiupiga plasta ya saruji na rangi ya mafuta ili ung'ae kwa ajili ya mnunuzi, maji yakosa pa kutokea. Chumvi yasukuma kutoka ndani, plasta yatoa malengelenge, na mtu akigonga kwa kidole asikia uwazi. Mnunuzi anayeijua nyumba ya mawe hugonga. Nimemwona mzee mmoja, fundi wa zamani, aliyeletwa na mkwewe kutazama nyumba Kibokoni. Hakutazama marumaru mpya hata kidogo. Alipitisha kiganja ukutani kwenye kimo cha goti, akakinusa, akapanda juu kwenda kuangalia vichwa vya boriti pale vinapoingia ukutani. Alipoteremka alimwambia mkwewe kwa sauti ya chini, "Hii imevishwa nguo mpya juu ya kidonda." Wakaenda zao.

Kwa hivyo fedha kidogo za matayarisho ziende mahali hapa: kwanza paa na mifereji, maana masika hayana huruma, pili boriti iliyooza ibadilishwe kwa boriti, tatu kuta zitengenezwe kwa chokaa na kupakwa chokaa. Nje usifanye lolote la kugeuza sura bila kuuliza ofisi ya uhifadhi. Kumbuka pia agizo la kaunti la mwaka 2018, la kupaka majengo ya katikati ya mji na Mji wa Kale rangi nyeupe na buluu. Nne, maji. Swali la kwanza la mwanamke yeyote anayekuja kutazama nyumba kisiwani ni kama maji yatoka, na siku ngapi kwa wiki. Kama una kisima au tangi na pampu, pampu iwe inafanya kazi siku hiyo. Tano, toa samadari zilizovunjika na mafriji mabovu yaliyojaa chumbani, watu waone chumba. Waalike baada ya alasiri, kichochoro kimepoa na madirisha yako wazi. Waambie mapema gari litaachwa wapi, wasije wakazunguka barabara ya Nkrumah kwa hasira kabla hata ya kukuamkia.

Mlango wa nakshi usiung'oe. Kuna wanaouza mlango peke yake kwa mfanyabiashara wa vitu vya kale, kisha wakauza nyumba iliyobaki na pengo la mbao za bei rahisi. Sheria ya turathi ya mwaka 2006 inataja waziwazi mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya mwaka 1946 kuwa kitu kinacholindwa. Tuiache hata sheria: mlango ndio uso wa nyumba, na nyumba isiyo na uso hushushwa bei kuliko mlango ulivyokuletea.

Na kasoro zisemwe. Twaijua sote ile habari ya Mtume kupita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la chakula, akakuta chini kumeloa, akamkemea muuzaji kwa kulificha lililoloa. Mtu aliyesoma habari hiyo madrasa huwezaje kuupaka rangi ukuta uliolowa wiki moja kabla ya mnunuzi kuja? Mbali na dhambi, ni hasara ya biashara. Kasoro uliyoitaja mwenyewe imeshahesabiwa ndani ya bei. Kasoro aliyoifukua mnunuzi hufungua mazungumzo upya, na mara hii ni yeye anayeamua.

Najua watakaosema kwamba mama huyu anawafundisha watu kuuza Mji wa Kale. Maneno hayo nimeambiwa usoni. Nawaheshimu, na uchungu wao naujua: mitaa ambayo zamani ulijua kila mlango wa nani, leo nusu ya milango ina kufuli. Lakini kufuli hailindi urithi. Nyumba iliyofungwa kwa sababu warithi hawakubaliani bei huvuja kwenye masika ya kwanza, boriti huoza kwenye ya pili, na baadaye huja mtu mwenye fedha za kununua mawe, si nyumba, na kwa bei ya mawe. Wanaochelewesha mauzo kwa jina la babu ndio wanaoiua nyumba ya babu. Familia ya vijana yenye kipato cha kiasi, inayotaka kuishi karibu na msikiti na madrasa, haiwezi kuinunua nyumba yenye bei ya ndoto na hati ya mashaka. Yule anayeweza kuingojea ni mlanguzi, kwa sababu yeye hana haraka.

Kwa wenye nyumba zilizofungwa, nina pendekezo moja la kufanywa hivi karibuni, mkiwa bado mnaongea. Kaeni kikao, mchukue karatasi moja, muandike mambo manne: hati iko wapi na kwa jina la nani, warithi ni nani na mafungu yao, deni la kaunti ni kiasi gani, na bei ambayo kila mmoja wenu angeipokea kesho asubuhi. Wote mtie sahihi, pamoja na mama. Mkiweza, muuzaji yupo, na mnunuzi atapatikana. Mkishindwa kutia sahihi karatasi hiyo moja, msimwite dalali, msinunue rangi, na msinipigie simu niandae mkataba. Hamjafika.